Tuzo ya Nobel ilianzia mezani pa mwalimu

MNAMO Oktoba 8, 2025, Akademia ya Kifalme ya Sayansi ya Uswidi ilitangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka huo imewaendea wanasayansi watatu: Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Marekani. Siku hiyo idara tatu za kemia, kila moja katika bara lake, zilikuwa na habari njema ya kuwapasha walimwengu. Siku hiyo hiyo, katika vyuo vikuu vya umma hapa Kenya, kumbi za mihadhara zilikuwa kimya. Wahadhiri walikuwa wamekamilisha wiki tatu za mgomo.

Mambo hayo mawili yalisadifiana tu, hakuna aliyeyapanga. Hata hivyo, anayeyatia katika mizani moja ana la kujifunza. Sikusudii kulia kwamba Kenya haijapata Nobel ya kemia, maana kilio hicho ni rahisi na hakina faida. Ninachokusudia ni kuuliza swali lililo karibu zaidi na mwalimu na mwanafunzi: fanikio la idara ya kemia huanzia wapi?

Tazama taarifa ambazo idara za aina hiyo hutoa kila mwaka, ziwe za ng'ambo au za humu nchini. Utasoma kuhusu profesa aliyepata ufadhili, makala yaliyochapishwa katika jarida mashuhuri, mtambo mpya uliozinduliwa na mgeni wa heshima, na idadi ya waliofuzu shahada za uzamili na uzamifu. Hayo yote yanastahili pongezi. Lakini ni nadra kusoma kwamba mhadhiri fulani amebuni njia bora ya kuwaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza jinsi atomu zinavyoshikana. Ufundishaji huhesabiwa kuwa mzigo wa kutuliwa upesi ili mtu awahi kazi yenye sifa, yaani utafiti. Historia ya tuzo ya 2025 inaukanusha mtazamo huo waziwazi.

Mwaka wa 1974, Robson, Mwingereza aliyekuwa amehamia Melbourne katika miaka ya 1960, alipewa kazi ambayo wengi wangeiona duni: kutayarisha vielelezo vya mbao ili wanafunzi waone maumbo ya molekuli. Vipira vya mbao vingekuwa badala ya atomu, na vijiti badala ya vifungo vinavyoziunganisha. Ili vijiti viingie, ilibidi vipira vitobolewe, na Robson akalazimika kuwaelekeza mafundi wa karakana ya chuo mahali hasa pa kutoboa. Hangeweza kukisia. Kila aina ya atomu ina njia yake ya kushikana na nyingine. Kaboni, mathalani, hunyoosha mikono minne kuelekea pande nne; oksijeni iliyo katika maji hunyoosha miwili tu.

Vipira viliporudi kutoka karakanani, akaanza kuviunganisha. Hapo ndipo alipogutuka. Matundu yakiwa yametobolewa mahali pake, umbo la molekuli lilijitokeza lenyewe, bila ya mjenzi kuhangaika kulitafuta. Habari zote za umbo zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika matundu. Basi akajiuliza: je, badala ya vipira vya mbao, tukitumia atomu na molekuli zenyewe, kila moja ikiwa na mikono yake ya asili, haziwezi kujipanga zikajenga kitu kipya tulichokichora sisi?

Wazo hilo halikumtoka. Kila mwaka alipovitoa vielelezo vile kuwafundishia wanafunzi wapya, lilimrudia. Miaka zaidi ya 10 ikapita kabla hajalijaribu. Alichukua umbo la almasi kuwa kigezo, kwani ndani ya almasi kila atomu ya kaboni imeshikana na nyingine nne. Yeye akatumia ioni za shaba, ambazo nazo hupenda kushikana na vitu vinne, na molekuli yenye mikono minne. Wengi wangetarajia mchanganyiko wa aina hiyo uwe fujo tupu, mfano wa kiota cha ndege. Haukuwa hivyo. Vitu vile vilijipanga vikawa fuwele yenye mpangilio kamili, na ndani yake mna nafasi nyingi zilizo wazi. Mwaka wa 1989, yeye na mwenzake Bernard Hoskins waliyachapisha matokeo hayo.

Msomaji asiyekuwa mwanakemia huenda akauliza, nafasi wazi zina maana gani? Na afikirie nyumba ya udongo kabla ya kukandikwa. Nguzo zimesimikwa, fito zimefungwa, lakini ukuta bado. Upepo unapita, na kuku anaingia na kutoka. Hicho ni kiunzi. Katika viunzi vya akina Robson, ioni za metali ndizo pembe ambapo fito hukutana, na molekuli ndefu za kaboni ndizo fito. Tofauti ni kwamba vyumba vya nyumba hii ni vidogo mno hata kinachoingia ni molekuli za gesi au za maji. Na kwa kuwa mjenzi huchagua fito na pembe, anaweza kuchagua mgeni gani aingie na gani abaki nje.

Viunzi vya kwanza vilikuwa dhaifu, vikiporomoka upesi. Waliovipa uimara na kazi ni Kitagawa na Yaghi, na mikasa yao nayo ina mafunzo.

Kitagawa alitangaza kiunzi chake cha kwanza mwaka wa 1992. Hakikuwa na matumizi ya wazi. Alipoomba fedha za utafiti, baadhi ya maombi yake yalikataliwa kwa hoja ambayo kila mtafiti wa Kenya anaifahamu: kina faida gani? Tayari ulimwengu ulikuwa na zeolaiti, madini yenye vitundu ambayo yaweza kunyonya gesi. Ya nini kutengeneza jingine? Kitagawa hakukata tamaa. Tangu ujana wake alikuwa ameshika falsafa kwamba hata kile kinachoonekana hakifai chaweza kuwa na kufaa kwake. Mwaka wa 1997 yeye na wenzake waliunda kiunzi chenye njia wazi ndani yake. Walipokikausha hakikuporomoka, kilipokea methani, naitrojeni na oksijeni, kikaziachilia tena bila kubadilika umbo. Swali la faida likaanza kujibiwa, lakini lilijibiwa na mtu aliyekubali kuishi miaka kadhaa bila jibu.

Mkasa wa Yaghi ndio ulionigusa zaidi. Alizaliwa Amman, Yordani, mwaka wa 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina. Waliishi wengi katika chumba kimoja, pasipo umeme wala maji ya mfereji, wakichangia makao hayo na mifugo. Alipokuwa na umri wa miaka 10 aliingia kisirisiri katika maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilikuwa imefungwa, akakichomoa kitabu kimoja bila kukichagua. Ndani yake mlikuwa na picha asizozielewa, lakini zilimteka: michoro ya molekuli, vipira vilivyounganishwa kwa vijiti. Alipofika umri wa miaka 15 baba yake alimpeleka Marekani kusoma. Mwaka wa 1999 aliutangazia ulimwengu kiunzi kiitwacho MOF-5, kilichoweza kupashwa moto hadi nyuzi 300 za selsiasi kikiwa kitupu bila kuporomoka. Gramu chache tu za kiunzi hicho zina ndani yake eneo la kutosha uwanja mzima wa kandanda.

Zingatia jambo hili. Wawili kati ya washindi watatu walianzia mahali pamoja: vipira na vijiti vya kufundishia. Mmoja alivitengeneza kwa ajili ya wanafunzi wake. Mwingine aliviona vimechorwa katika kitabu ambacho mlango wa maktaba ulitaka kumnyima.

Leo hii wanakemia wamekwisha kuunda viunzi vya aina makumi ya maelfu. Kundi la Yaghi lilitumia kimoja katika jangwa la Arizona kuvuna maji kutoka hewani: usiku kiunzi hunyonya mvuke, na jua linapokipasha asubuhi hutoa maji. Vipo vinavyoweza kunasa kaboni dioksidi, vinavyochuja sumu kutoka majini, na hata vinavyoshika gesi ya ethilini ambayo huyaivisha matunda, ili yasiharibike upesi. Mkulima wa maembe wa Makueni na mfugaji wa Turkana hawahitaji kufafanuliwa umuhimu wa mambo hayo. Na yote yametokana na kazi iliyoonekana, mwaka wa 1974, kuwa ya kuwatobolea wanafunzi vipande vya mbao.

Nirudi sasa nyumbani. Niliwahi kufundisha kemia katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja jina. Ndani ya maabara palikuwa na kabati la kioo, na ndani ya kabati mlikuwa na seti nzuri ya vielelezo vya molekuli: nyeusi za kaboni, nyekundu za oksijeni, nyeupe za haidrojeni. Kabati lilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikaa ofisini. Nilipouomba niliambiwa vifaa vile ni ghali, vikipotea nani atalipa? Vilifunguliwa siku za wageni na siku ya wazazi. Vumbi likipanguswa, wageni walivisifu, kisha kufuli likarudi mahali pake.

Nikachukua udongo wa mfinyanzi na njiti za kiberiti. Siku moja msichana wa Kidato cha Pili aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini mikono minne ya kaboni isikae kama msalaba, jinsi ilivyochorwa ubaoni?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huo, na mimi ndiye niliyelisababisha kwa mchoro wangu bapa. Nilimpa donge la udongo na njiti nne, nikamwambia azichomeke ili kila moja iwe mbali na nyingine kadiri iwezekanavyo. Alianza na msalaba. Akauzungusha, akautazama, akaona kwamba juu na chini pamebaki patupu. Akazichomoa. Baada ya majaribio matatu alikuwa ameshika mkononi umbo lile lile la almasi, na darasa zima lilikuwa limesimama kumtazama. Kutoka siku ile hakuna aliyehitaji kukaririshwa kwamba pembe kati ya mikono hiyo ni nyuzi 109.5.

Sisemi kwamba udongo na njiti vitatuletea Nobel. Huo utakuwa ulaghai. Robson mwenyewe hangejua amejenga nini lau hakungekuwapo mtambo wa kupiga fuwele eksirei na mtu aliyebobea katika kuusoma. Chuo chake kilikuwa na karakana, na karakana ilikuwa na mafundi waliolipwa mishahara yao. Palikuwa pia na muda: miaka 15 tangu wazo hadi chapisho, pasipo mtu wa kumtisha kwamba asipoonyesha faida kabla ya mwaka wa fedha kwisha atafungiwa mlango. Umaskini si mwalimu mwema kama wanavyodai wasioujua. Kinachofunzwa na mkasa huu ni kwamba ufundishaji wa makini, wa kushika kitu mkononi na kukihoji, ndio udongo ambamo utafiti huota mizizi. Mashine bila udongo huo ni mche uliopandwa juu ya mwamba.

Basi tujitazame. Mtihani wa kemia wa KCSE una karatasi tatu, na ya tatu ni ya majaribio katika maabara. Wapo watahiniwa wanaoshika bureti kwa mara ya kwanza muhula ule ule wa mtihani. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili chini ya mtaala wa umilisi, na mojawapo ya njia tatu walizowekewa ni ile ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Jina la njia limebadilika. Je, kufuli za makabati zimebadilika? Mtaala unaomtaka mwanafunzi atende hauwezi kutekelezwa na maabara inayomtaka atazame.

Vyuoni hali ina sura nyingine lakini shina ni moja. Mgomo niliotaja ulianza Septemba 17, 2025 na kumalizika Novemba 5. Kwa siku 49 wahadhiri walidai shilingi bilioni 7.9 zilizotokana na mkataba wa mishahara wa kati ya 2017 na 2021. Zingatia miaka hiyo. Deni la mkataba uliokwisha 2021 lilikuwa bado linagombaniwa 2025, na makubaliano ya kumaliza mgomo yalikuwa kwamba lilipwe kwa awamu mbili. Mwanafunzi wa kemia aliyekuwa na jaribio la wiki sita maabarani hakupoteza mihadhara pekee. Alipoteza jaribio zima, kwa sababu mmenyuko wa kikemia haungoji mazungumzo ya mishahara. Siwalaumu wahadhiri kwa kudai haki yao. Ninalaumu desturi ya kutia saini mikataba kana kwamba wino hauna thamani.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013 iliweka hazina ya kitaifa ya utafiti na kuielekeza itengewe asilimia 2 ya pato la taifa. Miaka zaidi ya 10 baadaye, kiwango hicho hakijafikiwa. Wakati huohuo hatuchoki kusikia majukwaani kwamba vyuo viache kusomesha mambo yasiyo na faida. Wanaosema hivyo wangefaa kusimuliwa habari za Kitagawa na maombi yake yaliyokataliwa.

Wala kosa lote si la serikali. Vyuo vyenyewe vimejiwekea mizani yenye mkono mmoja. Mhadhiri akitaka kupanda cheo, aghalabu huulizwa amechapisha makala mangapi. Haulizwi ni wanafunzi wangapi walitoka darasani mwake wakiwa na swali jipya. Mtaalamu wa maabara, yule anayetayarisha kemikali alfajiri na kuosha vyombo jioni, hana hata mstari mmoja katika taarifa za mafanikio ya idara. Lakini ni mafundi wa karakana waliotoboa vipira vya Melbourne. Lau wangetoboa ovyo, Robson asingeona kitu.

Haimaanishi kwamba idara zetu hazina la kujivunia. Wanakemia wa vyuo vyetu wamechambua mimea ya dawa iliyotumiwa na wazee wetu, na wamepima floraidi katika maji ya Bonde la Ufa ambayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia. Hiyo ni kazi ya heshima, na imefanywa kwa vifaa haba. Na wala si kweli kwamba Mwafrika hawezi kukwea hadi kilele. Ahmed Zewail, aliyeshinda Nobel ya kemia peke yake mwaka wa 1999, alisomea shahada zake mbili za kwanza katika Chuo Kikuu cha Alexandria, Misri, kabla ya kwenda Marekani. Msingi uliwekwa Afrika. Ghorofa zikajengwa kwingine, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na karakana, mtambo na muda.

Ningependekeza mambo matatu. Kwanza, kila idara ya kemia inapoandika taarifa yake ya mwaka, itenge ukurasa wa kwanza kwa ufundishaji: nani alibuni somo jipya, fundi yupi alitengeneza kifaa, mwanafunzi yupi aliuliza swali lililowashinda walimu. Pili, ufundishaji upewe uzito unaostahili mhadhiri anapotaka kupandishwa cheo, kwani chombo hakipimwi kwa tanga pekee. Tatu, na hili halihitaji bajeti wala tume, walimu wakuu wazirudishe funguo za makabati na za maktaba mikononi mwa wanaozihitaji. Kielelezo kilichovunjika mikononi mwa mwanafunzi kimefanya kazi kubwa kuliko kilichozeeka kizima ndani ya kioo.

Nawe mwanafunzi, usingoje uambiwe swali lipi ni la maana. Yule msichana wa njiti za kiberiti hakujua kwamba anauliza jambo lililowahi kumshughulisha mtu Melbourne. Alijua tu kwamba mchoro wa ubaoni haukumridhisha, akainua mkono.

Robson alikuwa na umri wa miaka 88 tuzo ilipomfikia, miaka 51 baada ya kupeleka vipira karakanani. Sijui ni nani katika Kenya atakayesimama Stockholm mwaka wa 2076. Huenda yuko darasani asubuhi hii, ameketi mbele ya kabati lililofungwa.